Baba alilea tisa, mimi wawili wananishinda: nini kimebadilika?

Swali: "Shikamoo dada. Mimi ni mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, wa nane kati ya watoto tisa. Baba na mama walitulea kwenye kihamba cha ekari mbili: kahawa, migomba, ng'ombe wawili zizini. Wote tulimaliza darasa la saba, watatu tukaenda sekondari, mimi nikafika chuo kikuu. Leo nina miaka 39, nimeajiriwa Dar es Salaam, mke wangu naye ana kazi, na tuna watoto wawili tu. Tumepanga Kimara. Kila ikifika tarehe 20 sina kitu, na mwaka huu nimeshakopa mara mbili kwa wakopeshaji wa mtaani. Nikienda nyumbani Desemba baba ananiuliza wa tatu anakuja lini. Anasema sisi wa mjini tumekuwa wachoyo na waoga. Naomba unieleze kitaalamu: ni uzembe wetu, au kuna kitu kimebadilika? Na huyo wa tatu, tumzae?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kabla sijaenda mbali nikuondoe hofu: si uzembe. Baba yako naye hasemi uongo. Mnazungumzia hesabu mbili tofauti, na hakuna aliyewaonyesha kwamba ni mbili.

Wewe unaweka tisa upande mmoja na wawili upande wa pili, kisha unajiuliza kwa nini wawili wawe wazito kuliko tisa. Tuhesabu kwa namna nyingine. Tuhesabu miaka ambayo mtoto anakula bila kuleta chochote nyumbani. Mtoto wa kihamba akifika miaka saba alikuwa amekwisha kuanza kulipa: anachota maji, anakata majani ya ng'ombe, anachuma kahawa, anambeba mdogo wake mgongoni mama akiwa sokoni. Hakujitosheleza, lakini mzigo wake ulikuwa umepungua. Chukua tisa mara miaka saba, unapata 63. Mtoto wako wa Kimara hataleta shilingi nyumbani mpaka amalize chuo, na kisha atafute kazi mwaka mmoja au miwili. Tuseme miaka 22. Wawili mara 22 ni 44. Kwa hiyo si tisa kwa wawili tena, ni 63 kwa 44, na tofauti hiyo imekuwa ndogo ghafla. Tena ile 63 ililishwa na mgomba uliokuwa nyuma ya nyumba. Hii 44 yako yote ni ya fedha taslimu, kuanzia maziwa hadi nauli.

Sikuelezi haya ili usifie utoto wa kufanya kazi. Waliolipa zaidi ni wasichana. Umeniambia kwamba watatu mlikwenda sekondari, lakini hukuniambia kama kati ya hao watatu kuna dada yako hata mmoja. Jiulize. Mara nyingi aliyebaki nyumbani kukata majani ndiye aliyemwezesha kaka kukaa bweni, na hilo nalo ni deni la familia ambalo halijaandikwa popote.

Sasa tuje kwa walipaji, maana hapo ndipo mambo yalipogeuka hasa. Baba yako hakuwalea tisa peke yake. Alikuwa na wenzake wanne wanaolipa.

Wa kwanza ni ardhi. Kihamba kilimpa nyumba isiyo na kodi, ndizi za mtori na za kupika, kuni, maziwa, na maji ya mfereji yaliyogawanywa kwa zamu na watu wa ukoo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichokinunua. Wa pili ni kahawa. Chama cha ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilianza mwaka 1933, na kwa miongo mingi malipo ya kahawa ndiyo yaliyolipa ada na kuezeka mabati. Wa tatu ni serikali. Ada za shule ya msingi zilifutwa mwaka 1973, mwaka uliofuata likaja Azimio la Musoma lililoagiza watoto wote waandikishwe shule, na kufikia 1977 elimu ya msingi kwa wote ilikuwa mpango wa taifa zima. Kwa umri wako, kifunguamimba wenu alianza darasa la kwanza katikati ya kipindi hicho. Wa nne ni jamaa: bibi, shangazi, na watoto wakubwa waliolea wadogo.

Wewe umezaliwa walipaji hao wakianza kuondoka mmoja mmoja. Mwaka 1986 nchi iliingia kwenye marekebisho ya uchumi pamoja na Shirika la Fedha la Kimataifa, na "kuchangia gharama" kukaingia shuleni na hospitalini. Julai 1989, ukiwa mtoto mdogo kabisa, mkataba wa kimataifa wa kahawa uliokuwa ukigawa mafungu ya kuuza nje ulivunjika, na bei ikaanguka vibaya. Mibuni ilikuwa imezeeka, dawa zimepanda bei, na magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani, hayakusubiri mtu. Ulipoanza shule, miaka ya tisini, wazazi walikuwa wanalipa ada na michango ambayo kifunguamimba hakulipiwa. Ada ya msingi ilikuja kufutwa tena mwaka 2001, wewe umeshatoka. Ulipofika chuo kikuu ukakuta Bodi ya Mikopo imeanza kazi mwaka 2005. Kaka yako mkubwa angefika chuo kikuu, serikali ingemlipia. Wewe serikali ilikukopesha, na leo asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi inakatwa kabla hujauona. Ongeza mchango wa NSSF na kodi ya mapato. Baba yako hajui makato hayo, kwa sababu hajawahi kukatwa. Mwonyeshe karatasi yako ya mshahara siku moja, mkae mtazame mstari kwa mstari. Nimeona wazee wakinyamaza mbele ya karatasi hiyo.

Kuna kitu cha tano ambacho hakikuwa mlipaji, bali nafasi. Sensa ya 1967, baba yako akiwa kijana, ilihesabu Watanzania milioni 12.3. Sensa ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Kwa kila mtu mmoja wa wakati ule, leo tuko watano. Na nchi hii ni ya watoto: kati ya kila watu 100, takribani 43 hawajafika miaka 15. Maana yake ni kwamba wanaofanya kazi ni wachache mbele ya wanaosubiri chakula, darasa na kitanda cha hospitali, na kila mwaka kundi linaloingia kutafuta kazi ni kubwa kuliko la mwaka uliopita. Cheti cha darasa la saba kilichompa mjomba wako kazi ya reli au kiwandani, leo hakimpi mtu hata ulinzi wa getini. Kwa hiyo mzazi analazimika kumsukuma mtoto mbali zaidi ili afike pale pale. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Hayo ni makubwa na yamezisaidia kaya nyingi maskini. Lakini darasa la watoto mia na zaidi linamfukuza mzazi mwenye mshahara kuelekea shule za mchepuo wa Kiingereza, na pale ada inarudi kwa jina lingine.

Watoto wenyewe walipungua kwa nini? Baba yako anadhani ni uchoyo. Takwimu zinasema tofauti. Miaka ya tisini, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, zaidi ya 130 hawakufika miaka mitano. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta wamebaki 43. Mama yako alizaa katika nchi ambayo mama wa watoto tisa alitarajia kuzika mmoja, pengine wawili. Chanjo, vyandarua na dawa mseto za malaria vimebadilisha tegemeo hilo, na wazazi wamejua. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mwanamke wa Tanzania alikuwa akizaa wastani wa watoto sita na ushei. Mwaka 2022 wastani ulikuwa 4.8. Jirani zetu Kenya walikuwa takribani wanane mwishoni mwa miaka ya sabini, wakashuka hadi 3.4 mwaka 2022. Huwezi kuwaita taifa zima wachoyo.

Lakini kuishi kwa watoto kulileta jambo lingine ambalo watu wa mlimani wanalijua kuliko mimi. Wana wote wakikua, kihamba kinagawanywa. Ekari mbili kwa wana watano ni chini ya nusu ekari kwa kila mmoja, na ukiondoa nyumba, zizi na makaburi, kinachobaki hakilishi familia. Ndiyo maana mkoa wa Kilimanjaro ulitoka watu 1,640,000 mwaka 2012 ukafika 1,862,000 mwaka 2022, ongezeko la asilimia 1.3 hivi kwa mwaka, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 3.2. Watu wa mlimani hawakuacha kuzaa. Wamehama, na wewe ni mmoja wao.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo mshahara wako unapopotelea bila wewe kujua.

Nilipoanza kazi, kabla sijaanza kuchambua takwimu zilizokusanywa na wengine, nilikuwa mdadisi. Nilitembea na begi la fomu nyumba kwa nyumba. Swali la mwanzo kwenye kaya huwa ni: nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo? Siku moja, kwenye kijiji cha mlimani, niliketi kwenye kigoda barazani kwa bibi mmoja mjane. Alijibu kwamba walilala wawili, yeye na mjukuu. Nikaandika 2. Tukiendelea na maswali, simu yake ndogo ikalia mlio wa ujumbe. Hakuwa na miwani karibu, akanipa nimsomee: amepokea shilingi 30,000. Akasema, "Huyo ni wa Arusha. Wa Dar atatuma tarehe mbili." Akazikunja kanga zake akaendelea kunijibu. Nikaitazama fomu yangu. Yule wa Arusha alikuwa anakula katika kaya nyingine, amehesabiwa huko, kaya ya watu wanne labda. Fomu niliyokuwa nayo siku ile haikuwa na mahali pa kuandika kwamba kaya ya Arusha inalisha pia baraza hii.

Sensa inatuambia kwamba kaya ya Tanzania imepungua, kutoka wastani wa watu 4.7 mwaka 2012 hadi 4.3 mwaka 2022. Ni kweli kwa hesabu ya vitanda. Kwa hesabu ya simu, kaya yako haijapungua hata kidogo. Chukua taarifa ya miamala ya simu yako ya miezi mitatu, ukae na mke wako, muandike kila muamala uliokwenda kwa ndugu: dawa ya presha ya mama, ada ya mtoto wa kaka, mchango wa msiba, mchango wa harusi, vocha ya mdogo wenu anayetafuta kazi. Muandike na zinazokwenda kwa upande wa mke wako, kwa kalamu ile ile, bila kununa. Watu niliofanya nao zoezi hili mara nyingi wanagundua kwamba hawalishi wanne, wanalisha saba au tisa. Kwa maneno mengine, huenda mzigo wako ni sawa na wa baba yako kwa idadi. Tofauti ni kwamba wake walikuwa wanakata majani, na wako wanatuma ujumbe.

Usinielewe vibaya, sikuambii uache kutuma. Bara hatuna pensheni ya wazee wote. Zanzibar waliianza Aprili 2016 kwa kila aliyefika miaka 70, na Kenya wana malipo ya wazee wa umri huo kuanzia 2018. Huku kwetu TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, inafikia kaya zilizothibitika kuwa maskini sana, na baba mwenye kihamba na watoto mjini haingii humo. Pensheni ya baba yako ni ninyi tisa. Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye wazee wengi kwa uwiano wa watu wake, na wengi wanaishi kwa mtindo huo huo. Ninachosema ni kwamba mzigo unaojulikana unabebeka kwa akili. Usiojulikana ndio unaokupeleka kwa kausha damu.

Na hao wakopeshaji, mdogo wangu, nakusihi. Mkopo wa wiki mbili wa kuziba pengo la tarehe 20 unakula tarehe 20 ya mwezi ujao. Kabla ya mkopo wa tatu, nenda kwenye SACCOS ya kazini kwako kama ipo, au kikundi cha kuweka na kukopa ambacho mke wako bila shaka anakijua.

Kuna mtu mmoja hujamtaja kabisa kwenye swali lako, na mimi najua yupo. Nyote wawili mnafanya kazi, watoto wawili, Kimara, foleni ya Morogoro Road asubuhi na jioni. Kuna dada wa kazi. Nakuomba umtazame vizuri. Mwaka 2022 mwanamke wa mjini Tanzania alikuwa akizaa wastani wa watoto 3.6, na wa kijijini 5.5. Yule binti ametoka kwenye ile 5.5, akaja kulea watoto wa 3.6. Familia zetu ndogo za mjini zinasimama mgongoni mwa familia kubwa za vijijini, na mara nyingi kwa malipo ambayo tusingethubutu kumwonyesha mtu. Kazi aliyoifanya bibi yako bure sasa ina mtu mwenye jina, mwenye mama yake anayesubiri ujumbe wa simu. Mlipe kwa tarehe, mwandikishe NSSF, na kama ni binti mdogo aliyepaswa kuwa shuleni, basi huyo si wa kuajiriwa, ni wa kurudishwa shuleni. Mwaka 2022 wasichana 22 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au wana mimba. Msichana akikosa darasa, hesabu ya kizazi kijacho inaanza upya pale pale mlipoiacha ninyi.

Hapo ndipo kazi ya mke wako inapoingia. Katika yote niliyoyaona kwenye takwimu za kaya, na kwenye mabaraza nilikoketi, hakuna kitu kinachobadilisha hali ya watoto kama fedha iliyo mkononi mwa mama na muda wake. Mama yako alikuwa na ndizi zake za kuuza sokoni. Fedha ile ilikuwa yake, na ndiyo iliyonunua madaftari. Mke wako akilazimika kuacha kazi kwa sababu hakuna wa kushika mtoto, hamjapoteza mshahara mmoja tu. Mmepoteza miaka yake ya michango ya uzeeni, kupanda kwake cheo, na sauti yake mezani.

Sasa wa tatu.

Sitakwambia mzae au msizae. Nitakwambia sababu zipi zitupwe. Sababu ya kwanza ya kutupwa ni kwamba baba ameuliza. Ya pili ni kwamba mtoto ni akiba ya uzeeni. Kwa baba yako ilikuwa kweli, kwa sababu mzigo wa uzee wake umegawanyika kwa tisa: akiugua mmoja anaweza kukosa, wanane watachanga. Wako wawili, au watatu, hawataweza kukubeba hivyo, nao watakuwa na makato yao na kodi ya nyumba yao. Uzee wako lazima uanze kulipiwa sasa na wewe mwenyewe. Kama ajira yako ina mkataba, hakikisha michango ya NSSF inafika kweli, usiishie kuiona kwenye karatasi ya mshahara. Omba taarifa ya michango yako mwaka hadi mwaka. Mwenye biashara binafsi naye anaweza kujiandikisha. Sababu ya tatu ya kutupwa, na hii inatoka upande wenu wa mjini, ni woga wa kwamba wa tatu "atawaharibia wawili". Ndugu watatu wenye wazazi wasio na madeni wana hali bora kuliko wawili wenye wazazi wanaokimbia wadai. Kama mnamtaka, mna haki ya kumtaka, kwa sababu ni mtoto na mnampenda kabla hajaja.

Kinachobaki baada ya kuzitupa hizo ni mambo ya nyumbani kwenu. Mama watoto anasema nini? Mwili ni wake, na kazi itakayosimama ni yake. Wa mwisho ana umri gani? Wakunga wetu wanashauri angalau miaka miwili ipite tangu kujifungua kabla ya mimba nyingine, na ushauri huo una watoto wengi hai nyuma yake. Madeni yameisha? Bima ipo? Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023. Fuatilieni utekelezaji wake mahali mnapoishi, na wakati huo huo muulize kazini bima yenu inafunika watoto wangapi. Familia nyingi za kipato kama chenu haziangushwi na ada. Zinaangushwa na kulazwa hospitalini mara moja bila bima.

Limebaki kihamba, na hili ningependa lifanyike Desemba hii, baba yenu akiwa bado anakumbuka vizuri mipaka na majina. Kwa desturi kitindamimba wa kiume anabaki na nyumba ya wazazi. Sawa. Lakini wana wengine mkigawana vipande, mtapata vishamba ambavyo hakuna atakayeishi kwavyo, na dada zenu hawatapata kitu. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, na hata kabla yake, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya alimpa haki Holaria Pastory, mwanamke wa Kagera aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake ukoo ukampinga. Mila za mirathi zilizoandikwa mwaka 1963 bado zinawabana mabinti pale ambapo mzee amekufa bila wosia. Kwa hiyo dawa ni wosia ulioandikwa mzee akiwa hai, mbele ya mashahidi, ukiwataja wote tisa. Nimeona familia zilizoamua kutokigawanya kihamba: anakilima mmoja anayeishi kule, wengine wana hisa, mavuno ya ndizi na maziwa yanawatunza wazee kwanza, na kila mtu ana haki ya kuzikwa pale. Katika familia hizo fedha zinazotumwa na wale wa mjini hupungua, kwa sababu shamba linarudi kuwa mlipaji.

Mkikutana, pangeni pia zamu ya wazee. Tisa ni wengi. Ni utajiri ambao watoto wako hawatakuwa nao. Mmoja anachukua dawa, mwingine bima, mwingine mshahara wa kijana wa kukata majani. Aliye nyumbani anayeamka usiku kumpeleka mama chooni asihesabiwe kwamba hachangii. Weka thamani ya kazi yake kwenye daftari pamoja na miamala yenu ninyi wa mjini, hata kama itabidi mbishane ni shilingi ngapi.

Kabla ya kikao hicho, nenda siku mbili mapema. Usianze na baba. Mkute mama jikoni, umsaidie kumenya ndizi, umuulize kwa kila mmoja wenu tisa: huyu alipokuwa mchanga nani alikushikia ulipokwenda kukata majani? Ada yake ya kwanza ilitoka wapi? Aliugua lini, nani alilipa? Yeye ndiye anayekumbuka. Yaandike majina hayo yote, hata ya waliokwisha kufa, kisha uende nayo kwa baba.